Somo la 9: Uso Uliopakwa na Swali la Mtoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kum. 6:20–25, 2 Fal. 9:30–37, Ayu. 42:12–15, Yos. 22:10–34; 1 Pet. 3:1–6, Mt. 6:16–18, Rum. 14:1–13.

Fungu la Kukariri: 1 Samweli 16:7

Mtoto wa Kiadventista wa miaka kumi huwa ameona mengi kabla hajauliza. Ameona video ya kwaya ambamo waimbaji wamepakwa poda na rangi ya mdomo, na Sabato iliyofuata akamsikia mzee wa kanisa akikemea vipodozi mimbarani. Nyumbani, bibi yake hajawahi kupaka usoni kitu kingine zaidi ya mafuta tangu abatizwe. Shangazi yake ni shemasi, naye hupaka wanja kila asubuhi. Wote wawili wanasali, na wote wawili wanampenda. Siku moja, akioshwa vyombo au akisukwa nywele, anauliza: “Mama, kati ya bibi na shangazi, nani yuko sahihi?”

Yapo majibu mawili mepesi. La kwanza ni “nyamaza, usihoji wakubwa.” La pili ni “kila mtu na lake.” La kwanza humfundisha mtoto kwamba imani huogopa maswali. La pili humfundisha kwamba Neno la Mungu halina la kusema juu ya mambo anayoyaona kila siku kwenye kioo. Mtoto aliyejibiwa hivyo hupeleka swali lake kwingine, na siku hizi kwingine hakuko mbali: kuko kwenye simu.

Somo hili haliziamulii familia zote kuhusu rangi ya mdomo. Linauliza jinsi mtoto anavyoweza kusaidiwa kuyachunguza Maandiko, kuyapima maoni yanayotofautiana, na kuzungumza na asiyekubaliana naye bila kumdharau.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato.

JUMAPILI
Mwanao Atakapokuuliza

Soma Kumbukumbu la Torati 6:20–25. Mtoto anauliza juu ya amri na hukumu. Jibu la mzazi linaanzia wapi?

Musa hakusema “mwanao akithubutu kukuuliza,” bali alichukulia kwamba siku hiyo itafika. Mtoto aliyelelewa kati ya sheria za nyumbani ataziona, atazilinganisha na za jirani, naye atataka kujua maana yake. Katika Israeli swali hilo lilikuwa sehemu ya malezi. Hata Pasaka ilipangwa kwa namna ya kuwafanya watoto waulize (Kut. 12:26).

Angalia pia mpangilio wa jibu. Mzazi haanzi na amri yenyewe. Anaanza na Misri, na utumwa, na mkono wa Bwana uliowatoa huko. Amri inakuja baadaye, ndani ya habari ya wokovu. Katika nyumba nyingi mpangilio huo umegeuzwa. Mtoto anauliza kwa nini mama hapaki rangi ya kucha, naye anaambiwa, “Kanisa letu linakataza.” Kabla hajasikia kwamba amenunuliwa kwa damu, amekwisha sikia kwamba kucha zake zinatazamwa.

Jibu jingine lawezekana. Mama anaweza kusema, “Mungu alinipenda kabla sijawa mzuri machoni pa mtu yeyote. Kwa hiyo sihitaji kutumia fedha nyingi ili nionekane. Ndivyo nilivyoamua, na nitakuonyesha mafungu yaliyonisaidia.” Maneno hayo ni machache, lakini mtoto amepewa sababu, amepewa Biblia, tena amepewa nafasi ya kuuliza swali la pili.

Luka 2:46 inamwonyesha Yesu mwenye umri wa miaka kumi na miwili akiwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Alifanya yote mawili. Mtoto anayeuliza tu bila kusikiliza hana budi kufundishwa adabu. Lakini anayesikiliza tu bila kuruhusiwa kuuliza naye amenyimwa kitu ambacho Bwana wake alikuwa nacho.

Watoto wa kanisani kwenu huuliza maswali yao wapi? Je, wanajua kwamba hawatachekwa wala kukemewa?

JUMATATU
Wanja Katika Biblia

Soma 2 Wafalme 9:30–37, Yeremia 4:30, Ezekieli 23:40, Ayubu 42:12–15. Ni nini kinachosemwa waziwazi kuhusu kupaka macho, na ni nini ambacho wasomaji wamezoea kukiongeza?

Mafungu yanayotaja rangi ya uso katika Biblia ni machache, na karibu yote yanahusu macho. Watu wa Mashariki ya kale walisaga madini meusi wakapata wanja.

Yezebeli ndiye anayejulikana zaidi. Yehu alipofika Yezreeli, malkia alipaka macho yake, akapamba kichwa chake, akachungulia dirishani. Wengi wamefundishwa kwamba alijipamba ili amtongoze Yehu. Maandiko hayasemi hivyo. Maneno aliyomrushia kutoka dirishani ni ya kejeli, akimfananisha na Zimri aliyemwua bwana wake. Huenda alitaka afe akiwa na sura ya malkia. Dhambi ambazo Biblia inamshitaki kwazo zimeandikwa kwingine: aliwaua manabii wa Bwana (1 Fal. 18:4), akapanga njama ya mauaji ya Nabothi kwa ajili ya shamba la mizabibu (1 Fal. 21). Anayemwita mwanamke “Yezebeli” kwa sababu ya rangi ya mdomo amesahau damu ya Nabothi na kukumbuka wanja.

Hata hivyo, si haki kuishia hapo. Yeremia anauona mji wa Yerusalemu kama mwanamke anayeyapaka macho yake ili awavute wapenzi, nao wapenzi hao wanautafuta uhai wake. Ezekieli anatumia picha iyo hiyo. Manabii hawakuchagua mfano huo kwa bahati. Waliona jinsi kujipamba kunavyoweza kuwa lugha ya moyo ulioacha agano, moyo unaotafuta kibali kwa watu wasiompenda. Msichana wa miaka kumi na minne anayejipodoa kwa saa nzima ili picha yake ipendwe na watu asiowajua anaweza kuielewa Yeremia 4:30 kuliko wazazi wake wanavyodhani. Asomewe fungu hilo kwa upole.

Halafu kuna jambo ambalo watoto hulifurahia sana wanapolisikia mara ya kwanza. Baada ya mateso yake Ayubu alipata binti watatu, na wa tatu akamwita Keren-hapuki. Kwa Kiebrania jina hilo maana yake ni “pembe ya wanja,” yaani kile chombo cha pembe kilichowekewa rangi ya macho. Neno la wanja lililo ndani ya jina hilo ndilo lililotumika katika habari ya Yezebeli. Limo pia katika Isaya 54:11, Mungu anapouahidi mji ulioteswa kwamba atayapanga mawe yake kwa uzuri. Mtu ambaye Mungu mwenyewe alimshuhudia kuwa mkamilifu alimpa binti yake jina la kipodozi, na mwandishi wa kitabu hakuona haya kuliandika.

Je, hiyo ni ruhusa? Hapana. Jina la mtoto si amri, kama vile wanja wa Yezebeli usivyokuwa katazo. Lakini mtoto aliyeyaona mafungu yote, yale yanayomsaidia bibi na yale yanayomsaidia shangazi, amejifunza kutokata Biblia vipande ili ashinde ubishi.

Mpe mtoto mafungu haya manne ayasome mwenyewe, kisha umwulize ameona nini. Usimwambie kwanza jibu.

JUMANNE
Madhabahu Kando ya Yordani

Soma Yoshua 22:10–34. Makabila ya magharibi yaliona nini? Yalidhani nini? Ni kitu gani kilichozuia vita?

Wana wa Reubeni, wana wa Gadi na nusu ya kabila la Manase walijenga madhabahu kubwa karibu na Yordani. Habari zikafika upande wa pili. Kusanyiko lote la Israeli likakutana Shilo ili kwenda kupigana nao. Kile walichokiona kilikuwa cha kweli: madhabahu ilikuwepo, tena kubwa. Sababu ya kujengwa kwake ndiyo iliyokuwa bado haijaulizwa.

Kabla ya upanga walimtuma Finehasi mwana wa Eleazari kuhani pamoja na wakuu kumi. Ujumbe wao ulikuwa mkali. Walitaja dhambi ya Peori, wakamtaja Akani. Hawakujifanya kwamba jambo ni dogo. Lakini walikwenda, wakasema hofu yao usoni pa wahusika wala si nyuma ya migongo yao, wakatoa hata nafasi katika nchi yao wenyewe kwa ndugu hao kama shida ilikuwa ni nchi. Kisha wakanyamaza wakasikiliza.

Jibu liliwashangaza. Madhabahu haikuwa ya sadaka. Ilikuwa shahidi. Na kwa nini ilihitajika? Kwa ajili ya watoto! Makabila ya mashariki yaliogopa kwamba siku moja watoto wa ng’ambo wangewaambia watoto wao, “Ninyi hamna fungu katika Bwana” (fungu la 24 na 25).

Hofu hiyo haijaisha. Mama mgeni anakuja kanisani mara ya kwanza, amevaa vizuri kama alivyozoea kwenda ibadani kwao, na midomo yake ina rangi. Mkononi ana binti mdogo. Katika darasa la watoto, mwenzake anamwambia yule binti, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mama yako ni Yezebeli.” Mtoto aliyesema hana chuki. Amerudia neno alilolisikia mezani kwao. Sabato inayofuata yule mama haonekani, na huenda washiriki wakasema kwamba ukweli umemshinda. Ukweli haukumfikia. Alichofikiwa nacho ni lile neno la ng’ambo ya Yordani: huna fungu.

Watoto hawajifunzi kuheshimu maoni tofauti kwa mahubiri juu ya heshima. Wanajifunza kwa kusikia jinsi wazazi wanavyowataja waumini wengine wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Fikiria uamuzi mmoja uliowahi kuufanya juu ya mtu kwa kumtazama tu. Je, kuna swali ambalo Finehasi angemwuliza mtu huyo?

JUMATANO
“Mbona Nami Nimesukwa?”

Soma 1 Petro 3:1–6 na 1 Timotheo 2:9, 10. Mitume wanataja mapambo gani kwa jina?

Mwalimu anayesoma mafungu haya mbele ya wasichana wa miaka kumi na mmoja ajiandae. Mmoja atashika kichwa chake na kusema, “Mwalimu, mbona nami nimesukwa?” Ni kweli. Petro na Paulo wanataja kusuka nywele, dhahabu na mavazi. Rangi ya uso hawaitaji. Mwalimu akilikwepa swali hilo, mtoto atajua kwamba limekwepwa.

Jibu la kweli ni kwamba katika miji ya Dola ya Rumi wanawake matajiri walijengewa nywele kwa saa nyingi na watumwa wao, wakatiwa dhahabu na lulu ndani yake, ili mali yao ionekane wanapopita. Vinne vya shule havifanani na hayo. Kanuni iliyo chini ya maneno ya mitume ndiyo inayodumu: uzuri wa mfuasi wa Kristo hauko katika kitu kinachonunuliwa, na fedha, muda na macho ya watu havipaswi kuutawala moyo wake. Kanuni hiyo inahusu rangi ya mdomo. Inahusu pia viatu vya bei, simu mpya, na suti ya mzee wa kanisa.

Kwa hiyo mtoto asaidiwe kutenganisha vitu vinavyochanganywa. Kuna yale ambayo Biblia imeyasema wazi. Kuna ushauri wa kanisa unaotokana nayo: Imani ya Msingi namba 22, juu ya mwenendo wa Kikristo, inataka mavazi yaliyo rahisi, ya adabu na nadhifu, wala haitaji poda au wanja kwa jina. Kuna sheria ya nyumbani, ambayo mtoto anaitii hata kama kwa jirani ni tofauti (Efe. 6:1). Na kuna mazoea au upendeleo tu. Bibi akisema “sipendi,” hilo ni neno lenye uzito kwa mjukuu, lakini si sawa na “Bwana asema hivi.”

Yapo pia mambo ambayo si ya maoni. Mkorogo ni mojawapo. Zebaki hudhuru figo, na Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vyenye haidrokwinoni. Piko iliyochanganywa na rangi ya nywele huweza kubabua ngozi ya mtoto, na baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto wachanga. Mwili ni hekalu (1 Kor. 6:19, 20), na binti anayejichubua kwa sababu ameambiwa kwamba weusi wake si uzuri anahitaji kutetewa, asiachwe na hiari yake. Vivyo hivyo wanja unaopakwa kwenye paji la uso wa mtoto mchanga. Ukipakwa kama kinga dhidi ya kijicho, hiyo ni hirizi. Ukipakwa kwa urembo tu, ni habari nyingine. Atakayejua tofauti ni yule aliyemwuliza mama yake.

Na Mathayo 6:16–18 isisahauliwe. Yesu aliwasema watu walioziharibu nyuso zao ili waonekane wamefunga, akawaagiza wanafunzi wake wanawe uso na kujipaka mafuta. Uso usiopakwa chochote nao waweza kuwa onyesho.

ALHAMISI
Kubisha Bila Kudharau

Soma Warumi 14:1–13 na Mithali 18:13. Paulo anamwonya yule anayekula dhidi ya kosa gani, na yule asiyekula dhidi ya kosa gani?

Paulo anazungumzia vyakula na siku ambazo waumini wa Rumi walitofautiana juu yake. Hazungumzii amri za Mungu kana kwamba ni za hiari. Katika fungu la 3 anataja makosa mawili, moja kwa kila upande. Anayekula huelekea kumdharau mwenzake. Asiyekula huelekea kumhukumu. Watoto wanayatambua yote mawili upesi. Binti anayepaka humwita mwenzake mshamba. Binti asiyepaka husema mwenzake hajaongoka. Mwulize mtoto: wewe ukiteleza, huwa unateleza upande gani?

Mwalimu anaweza kuligawa darasa katika makundi mawili, kila kundi likatetea maoni ambayo si yake. Aliyezoea kukataa vipodozi aeleze kwa nini muumini mwaminifu anaweza kuona poda si dhambi. Aliyezoea kuvitumia aeleze kwa nini mwingine ameviacha kwa furaha. Kundi halijamaliza kazi mpaka wenye maoni yale waseme, “Ndivyo tunavyoamini hasa.” Si kazi rahisi, hata kwa watu wazima. Baada ya hapo ndipo kila mmoja aseme la kwake, na Biblia ikiwa wazi mkononi.

Asiulize kamwe, “Nani mama yake anapaka?” Watoto wasifanywe mashahidi dhidi ya nyumba zao. Amri ya tano haisimamishwi wakati wa Shule ya Sabato. Kama mtoto anatoka katika nyumba inayofanya tofauti na vile mwalimu anavyoamini, arudi kwao akimheshimu mama yake zaidi, si pungufu.

Maneno yenyewe yanafundishika. Kwa mkubwa: “Bibi, nimekusikia. Naomba niseme ninavyoona.” Kwa rika: “Mimi naona tofauti, lakini nieleze kwanza.” Mtoto aliyezoezwa hivyo akiwa na miaka tisa, juu ya jambo dogo kama rangi ya kucha, atakuwa na maneno ya kutumia akiwa na miaka kumi na tisa, juu ya mambo makubwa zaidi.

Mzazi naye asiogope. Kumsikiliza mtoto si kupiga kura. Baba anaweza kusikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na bado akasema, “Katika nyumba hii, mpaka umalize shule ya msingi, hatutafanya hivyo.” Mtoto aliyesikilizwa huweza kutii bila uchungu (Kol. 3:21). Asiyesikilizwa huweza kutii pia, na akasubiri tu siku ya kuondoka.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Historia ya kanisa ina mfano unaofaa. Katika miaka ya 1860 Ellen G. White alihimiza vazi la kiafya kwa wanawake, lisiloburura chini wala kubana kiuno, tofauti na mitindo ya wakati ule huko Marekani. Sababu zake zilikuwa njema. Lakini vazi hilo likawa chanzo cha manung’uniko na ubishi kanisani. Katika juzuu ya nne ya Testimonies for the Church anaeleza kwamba baadhi ya waliolikubali hawakuridhika kuonyesha kwa mfano na kutoa sababu walipoulizwa. Walitaka kuzitawala dhamiri za wengine. Wengine wakalichukia. Hakuendelea kulisisitiza vazi lile. Alichoendelea kukihimiza ni urahisi, adabu na afya katika mavazi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kutoa sababu unapoulizwa na kutawala dhamiri ya mwingine? Katika suala la vipodozi, mstari huo umevukwaje kanisani kwenu, na upande wowote?

2. Kwaya ya watoto inaandaa kurekodi video. Mpiga picha anataka watoto wapakwe poda ili nyuso zisimetemete mbele ya taa. Wazazi wawili wanakataa, wengine wanakubali, na watoto wanasikia yote. Nani azungumze na nani kwanza? Watoto waambiwe nini?

3. Binti wa miaka kumi na miwili anasema, “Nikipaka mafuta yanayong’aa mdomoni, hakuna anayeniuliza. Yakiwa na rangi, naitwa mbele ya baraza. Rangi ina nini?” Mjibuni kama darasa, bila kumkemea.

4. Je, yuko mtu aliyeacha kuja kanisani kwenu baada ya kusemwa juu ya uso wake au mavazi yake? Nani kati yenu anaweza kwenda kumtembelea juma hili, na akienda, aanze kwa kuuliza nini?